Mzee, Mara ya Mwisho Umejamba Lini?

Baba yangu ana mkanda mmoja tu, wa ngozi nyeusi, aliopewa na walimu wenzake siku ya kumuaga kazini. Huufunga tundu la tatu. Ninajua hivyo kwa sababu tundu hilo limetanuka likawa kama yai, mengine bado ni duara kama yalivyotoka dukani. Desemba ile nilipokwenda nyumbani Muleba kwa sikukuu, Alhamisi jioni mkanda ulikuwa tundu la tatu. Ijumaa asubuhi ulikuwa tundu la mwisho. Ijumaa jioni ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na Baba amejifunga kitenge cha Mama kiunoni. Sote tuliuona pale msumarini. Hakuna aliyesema kitu.

Hatukusema kwa sababu jibu tulikuwa nalo: gesi. Kwetu tumbo la mtu mzima lina maradhi matatu tu, gesi, vidonda vya tumbo na chango. Mtoto anaongezewa la nne, minyoo. Na Baba alikuwa mtu wa gesi kwa miaka. Kila baada ya miezi kadhaa tumbo lake lilijaa, akakataa chakula siku nzima, akakaa barazani amenyoosha miguu. Usiku tungesikia mlango wa choo ukilia mara tatu, mara nne, na kesho yake anakula ndizi na maharage kama hakuna kilichotokea. "Baba na gesi zake," tulisema, tukacheka. Daktari wa upasuaji alipokuja kuniambia baadaye kwamba zile hazikuwa gesi, kwamba ni utumbo uliokuwa ukijisokota na kujifungua wenyewe, nilimwomba arudie mara mbili.

Alhamisi ile baada ya chakula cha usiku Baba alikuwa anasimulia vita vya Kagera, kama kila Desemba, wajukuu wamemzunguka. Alipofika kwenye daraja la Kyaka lilivyovunjwa na majeshi ya Amin mwaka 1978, akanyamaza katikati ya sentensi. Akashika mkono wa kiti, akafumba macho. Mjukuu mmoja akadhani ni mbwembwe za hadithi. Baada ya muda akashusha pumzi, akaendelea palepale alipoachia, "basi daraja halipo tena..." Robo saa hivi ikapita, akanyamaza tena.

Ningekuwa najua ninachojua leo, ningesimama pale pale. Maumivu ya utumbo ulioziba huja kwa mawimbi. Utumbo ni msuli, kazi yake kusukuma mbele kilichomo. Ukikuta njia imefungwa hausemi basi, unasukuma kwa nguvu zaidi, unakaza mpaka mtu anajikunja, halafu unachoka, unapumzika, unaanza upya. Kwa hiyo mgonjwa anaumwa sana, kisha anapata nafuu ya kuweza hata kusimulia hadithi, kisha anaumwa tena. Utumbo mwembamba ukiziba mawimbi hufuatana upesi, dakika chache tu kati ya moja na jingine. Utumbo mpana hukawia kidogo. Ile nafuu ya katikati ndiyo inayowadanganya watu wa nyumbani. Unamwona mgonjwa anaongea, unajiambia limepita.

Ijumaa tulifanya yote ambayo watu hufanya. Mama alichemsha tangawizi. Mimi nilipanda bodaboda hadi duka la dawa, nikaeleza "mzee tumbo limejaa gesi na hapati choo", nikapewa dawa ya gesi na vidonge vya kulainisha choo, viwili asubuhi viwili jioni. Muuzaji hakuniuliza swali hata moja na mimi sikumpa nafasi ya kuuliza. Jirani alileta majani aliyoyajua yeye, akashauri yachemshwe na Baba awekewe kwa njia ya haja kubwa. Baba alikataa kwa ukali ambao siku hiyo niliuona ni ubishi wa uzee. Namshukuru Mungu alikataa. Dawa ya kumfanya mtu aharishe, kwa mtu ambaye utumbo wake umefungwa, ni sawa na kumchapa viboko ng'ombe aliyekwama matopeni. Utumbo unaongezewa kusukuma, njia haipo, na kinachoweza kufuata ni kupasuka.

Lile swali lenyewe hatukuliuliza. Tulijua hajapata choo. Choo kinasemeka, hata watoto wanakisema. Lakini ushuzi? Mtoto hamuulizi baba yake habari hizo. Mke anaweza, ila si mbele ya watu, na nyumba ya Desemba haiishi watu. Nina umri wa miaka arobaini na moja, nimesoma, nimewahi kusimamia vikao vya mamilioni ya shilingi, na sikuwa na neno la kumuuliza mzee wangu kama upepo umempita.

Jumamosi asubuhi alitapika kidogo, maji ya rangi ya majani. Ndipo tukampeleka zahanati, mimi na mume wa dada yangu, Baba katikati yetu kwenye bajaji, kila tuta likimtoa mguno.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, miwani yake imeshikizwa kwa uzi. Alimwamkia Baba, akamlaza, akaanza kuuliza huku anaandika. Maumivu yalianza lini. Alhamisi usiku. Yanakaa au yanakuja na kuondoka. Yanakuja na kuondoka. Ametapika mara ngapi. Mara moja, asubuhi hii. Choo cha mwisho. Alhamisi asubuhi.

"Na kujamba?"

Baba akaangalia ukutani, kwenye bango la chanjo.

"Mzee, mara ya mwisho umejamba lini?"

Shemeji yangu akatoka nje. Kwa Baba yeye ni mkwe, na mkwe hasikii mambo hayo. Mimi nilibaki nikisoma ratiba ya chanjo kana kwamba nina mtoto mchanga. Kimya kilikaa mpaka nikasikia jogoo wa jirani. Kisha Baba akasema kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Juzi."

Yule mama akaweka kalamu chini.

Akamfunua tumbo. Kwa mara ya kwanza nililiona, maana nyumbani alikuwa amelificha chini ya kitenge. Halikuwa limejaa sawasawa kama la mtu aliyeshiba. Lilikuwa limeinuka upande mmoja, kama kuna kitu kimelala ndani kwa mshazari, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Akaweka kiganja cha kushoto juu yake, akagonga kidole kwa kidole. Lililia kama ngoma. Akasikiliza kwa mashine sehemu nne, kila sehemu kwa muda mrefu. Akaniambia nitoke kidogo ili amwangalie kinenani kama ana ngiri, kisha akaniita.

"Huyu utumbo umeziba," alisema. "Asinywe maji, asinywe uji, asimeze kidonge chochote. Tafuteni gari, siyo bajaji."

Wakati anamtundikia dripu nilimuuliza amejuaje, maana zahanati ile haina hata mashine ya picha. Alijibu bila kuinua macho: "Choo kinaweza kukawia hata kwa mtu mzima wa afya. Upepo haukawii. Upepo ukikawia, njia imefungwa."

Nimesoma mengi tangu siku hiyo, na sijakuta mahali palipoeleza vizuri kuliko hapo. Mtu mwenye choo kigumu cha kawaida tumbo linamsumbua, anakaa chooni mpaka miguu inakufa ganzi, lakini hewa inampita, hatapiki, na haumwi kwa mawimbi yanayomkata maneno. Aliyeziba ana mambo manne: maumivu ya kuja na kuondoka, kutapika, tumbo kuvimba, na kutotoa choo wala hewa. Shida ni kwamba manne hayo hayaji pamoja wala kwa mpangilio mmoja. Yanategemea palipoziba. Pakiwa juu, karibu na tumbo la chakula, mtu hutapika mapema na kwa wingi, nyongo ya kijani au manjano, na tumbo linaweza lisivimbe sana. Pakiwa chini kabisa kwenye utumbo mpana, kama kwa Baba, tumbo huvimba mno na choo na hewa hukatika mapema, kutapika huja mwisho, pengine siku ya pili au ya tatu. Akichelewa sana matapishi hugeuka ya kahawia yenye harufu ya kinyesi.

Kwa hiyo usisubiri yote manne yatimie. Tena usidanganyike na choo kimoja. Palipoziba pakiwa juu, kilichokuwa chini ya hapo bado kitatoka siku ya kwanza, watu wa nyumbani wakashangilia bure. Na njia ikiwa imebana bila kufungika yote, mtu anaweza hata kuharisha kidogo kidogo, majimaji yakipenya pembeni.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni maji. Kwa siku moja utumbo wa mtu mzima hupokea lita nane hadi tisa za majimaji. Lita mbili hivi ndizo tunazokunywa na kula, zilizobaki mwili wenyewe unamwaga humo: mate, maji ya tumboni, nyongo, maji ya kongosho. Karibu yote hufyonzwa tena njiani ndiyo maana hatuyaoni. Njia ikifungwa, yanajikusanya nyuma ya kizuizi, na mwili unaendelea kumwaga. Mtu anakauka huku amejaa maji. Midomo ya Baba ilikuwa imepasuka, ulimi mkavu kama kipande cha gome, na Mama alikuwa amegundua kwamba tangu Ijumaa mchana hajakojoa ila mara moja, mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Tulidhani anahitaji kunywa. Alihitaji maji, kweli, ila kwa mshipa.

Hospitali walimpitisha mpira puani hadi tumboni kunyonya kilichosimama, wakamwekea mpira wa mkojo, wakampiga picha akiwa amelala na akiwa ameinuliwa. Daktari aliishikilia ile picha dirishani, akanionyesha kwa kalamu. "Unaona nini?"

Niliona punje ya kahawa. Sitanii. Punje kubwa iliyojaza tumbo zima, nusu mbili zilizovimba na mstari unaopita katikati. Sisi wa Kagera tunazaliwa katikati ya mibuni. Mgeni akifika nyumbani anapewa kahawa ya kutafuna kabla ya chochote. Nikamwambia, "Naona kahawa." Akacheka, akasema ndivyo madaktari duniani kote wanavyoiita, punje ya kahawa, hata wale ambao hawajawahi kuona mbuni.

Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kabla ya njia ya haja kubwa, ina umbo la kona kama herufi S. Kwa baadhi ya watu ni ndefu kupita kiasi, inaning'inia kama kitanzi, na miguu yake miwili imekaribiana pale inaposhikana na ukuta wa nyuma. Kitanzi namna hiyo kikijaa na kulemewa kinaweza kuzunguka. Shika mfuko wa nailoni uliojaa hewa, zungusha shingo yake mara moja na nusu: hewa haitoki, haiingii. Hivyo ndivyo. Na kwenye hiyo shingo ndimo inamopita mishipa ya damu. Ikibanwa sana, utumbo unaanza kufa, na hapo hesabu ni ya saa, si ya siku.

Kujisokota huku ni maradhi yenye watu wake. Ulaya na Marekani ya Kaskazini huwapata zaidi wazee waliolala vitandani muda mrefu, na huko kinachoziba utumbo mpana mara nyingi zaidi ni saratani. Huku Afrika Mashariki, Ethiopia, na kule juu kwenye milima ya Andes, kunawapata watu wenye nguvu zao, wanaume kuliko wanawake, wakulima wanaotoka shambani. Wengi wanakuhusisha na chakula chenye makapi mengi, kinachoufanya utumbo urefuke na kujaa. Mimi na dada yangu tuliangaliana hapo, maana sisi tumelelewa kwa kuambiwa makapi ni dawa, na ni dawa kweli kwa mengi. Daktari hakumkataza Baba maharage, ikiwa unajiuliza.

Kwa kuwa tumbo lilikuwa bado laini, hana homa na mapigo ya moyo hayakwenda mbio sana, walijaribu kwanza kufungua bila kisu. Ni njia ya zamani. Daktari Mnorwe, Bruusgaard, aliieleza mwaka 1947 na bado inafanya kazi: bomba lenye taa linapitishwa kwa njia ya haja kubwa taratibu hadi kwenye shingo iliyosokotwa, kisha mpira laini unasukumwa kupita pale. Nilikuwa nje ya pazia. Nilisikia sauti kama gurudumu la lori linalotolewa upepo, ndefu, isiyokwisha, halafu kitu kikimwagika kwenye ndoo, halafu harufu ambayo sitaieleza. Halafu sauti ya Baba: "Aaah, Mungu wangu." Nilipoingia tumbo lilikuwa limeshuka, limelegea, lina mikunjo. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

Mpira uliachwa humo. Siku chache baadaye, akiwa amepata maji na nguvu, walimfanyia upasuaji wakaondoa kile kitanzi, kwa sababu kikifunguliwa tu bila kuondolewa mara nyingi hujisokota tena. Ile ndiyo hadithi yake ya gesi ya miaka yote.

Katika wodi ile alikuwepo mwenzake, kijana aliyeletwa na tatizo hilohilo siku moja baada yetu. Yeye alikuwa amekaa nyumbani siku tano. Dada yake alinieleza kwamba siku ya nne maumivu yalipungua ghafla, wakashukuru, wakampa uji. Daktari alisema kupungua kule ndiko kulikuwa kubaya. Mawimbi yakigeuka maumivu ya moja kwa moja yasiyoachia, au yakinyamaza huku mtu anazidi kulegea, tumbo likawa gumu kama ubao na hataki liguswe hata na shuka, homa ikapanda, mapigo yakakimbia, mikono ikawa ya baridi, basi utumbo unakufa au umeshapasuka. Hata mngurumo wa tumbo, ambao mwanzoni unasikika mpaka kitanda cha pili, unakwisha. Kijana yule alipona, lakini alitoka na mfuko wa choo ubavuni, na walimwambia atarudi baada ya miezi kadhaa kuunganishwa.

Tukiwa njiani kumpeleka Baba, shemeji yangu aliniambia kitu. Tulikuwa nyuma ya gari, Baba amesinzia. Akasema, akitazama barabara, kwamba yule nesi aliposema ngiri yeye aliondoka mlangoni alikokuwa anasikiliza. Ana uvimbe kinenani wa miaka mitatu. Akilala unarudi, akibeba mkungu wa ndizi unatoka, ukubwa wa limao. Hajamwambia hata dada yangu. Ngiri ina balaa lake mjini: kila ubao wa mganga kando ya barabara umeandika ngiri pamoja na nguvu za kiume, kwa hiyo kusema una ngiri ni kama kujitangaza. Lakini ngiri ni tundu tu kwenye ukuta wa tumbo, na kipande cha utumbo kinaweza kuingia humo na kunaswa. Siku uvimbe ambao huwa unarudi ukikataa kurudi, ukawa mgumu, unauma, na tumbo linaanza kukata na kutapika, hiyo si ya kusubiri kesho, wala usiulazimishe kurudi kwa kusukuma. Wanawake nao wana yao, ndogo, chini kidogo ya kinena karibu na paja, ambayo kwa udogo wake hata daktari akiwa na haraka anaipita. Shemeji alifanyiwa upasuaji wake Machi, kwa miadi, akarudi nyumbani kesho yake kwa miguu yake mwenyewe.

Na mwenye kovu la upasuaji wowote tumboni, ikiwa ni pamoja na ule wa uzazi, alitaje hilo kovu kabla hajaulizwa. Ndani ya tumbo baada ya kisu hujengeka nyuzi za makovu zinazoweza kuushika utumbo na kuukunja, mwezi ujao au miaka ishirini baadaye.

Nilitaka kuishia kwa Baba, lakini shangazi yangu amesoma nusu ya makala hii kwenye simu yangu na kusema nimemsahau. Lake halikuwa utumbo, lilikuwa tumbo lenyewe la chakula, mlango wake wa kutokea. Alikuwa mgonjwa wa vidonda kwa miaka. Kovu la kidonda likabana ule mlango kidogo kidogo, kwa miezi. Halikuja kwa kishindo. Alianza kushiba kwa matonge mawili. Kisha jioni tumbo la juu, chini ya mbavu, linavimba na kumlemea. Kisha anatapika, na akitapika anapata nafuu kabisa, mpaka akawa anajitapisha mwenyewe kwa kidole. Kilichomshtua ni maganda ya maharage. Alikuwa amekula wali siku ile. Maharage aliyala jana yake mchana, na hayo hapo kwenye beseni, mazima, hayana hata rangi ya nyongo. Nyongo humwagwa mbele ya ule mlango, kwa hiyo mlango ukiwa umefungwa matapishi hayana kijani. Anasema pia akigeuka kitandani alikuwa anasikia maji yakicheza ndani kama dumu lililojaa nusu. Kilo kumi na moja zilikwenda kabla hajasema. Kwa mtu mzima dalili hizi zinataka kipimo cha kuingiza kamera, kwa sababu uvimbe wa saratani nao huziba mlango huohuo na mwanzoni hujifanya kidonda. Wake ulikuwa kovu. Sasa ananenepa na ananisumbua niandike kuhusu mapishi.

Watoto ni habari nyingine, nitasema mawili tu. Mtoto mchanga anayetapika kijani apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Na mtoto wa miezi mitano, sita, tisa, anayelia ghafla kwa kujikunja miguu tumboni, ananyamaza akiwa amepauka na kulegea, kisha analia tena, huenda utumbo umejimeza, kipande kimoja kimeingia ndani ya kingine. Kinyesi chenye ute na damu huja baadaye. Usikisubiri.

Nirudi wodini. Baada ya upasuaji wa utumbo matumbo hulala, na hakuna anayejua yameamka mpaka mgonjwa atoe hewa. Vitanda sita, wanaume sita, wote wamekatwa matumbo, wote wanasubiri jambo moja. Kila asubuhi daktari kijana alipita akiuliza, "Wazee, nani amepiga honi?" Aliyepiga honi aliinua mkono, wenzake wakampigia makofi, akaandikiwa kuanza kunywa chai. Yule kijana wa mfuko alicheka mpaka akashika kidonda. Baba alitazama dari. Mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, ameulizwa hadharani mbele ya vijana aliowahi kuwafundisha. Siku ya kwanza alisema bado. Siku ya pili alitikisa kichwa bila kusema. Siku ya tatu hakujibu kabisa, na Mama akaanza kuwa na wasiwasi, akaanza kunihesabia saa.

Usiku wa siku hiyo, saa kumi alfajiri, simu yangu ilitikisika kwenye benchi nililolalia nje ya wodi. Ilikuwa meseji kutoka kwa Baba, mtu ambaye haandiki meseji, anayepiga simu na kupaza sauti kana kwamba Muleba na Dar es Salaam zinasikilizana kwa dirisha. Neno moja, na nukta mwishoni kama mwalimu.

"Tayari."

Nilimwamsha Mama nikamwonyesha. Alisogeza simu mbali na macho, akaisoma, akaniuliza tayari nini. Nikafungua mdomo kumjibu, maneno yakakataa. Akanitazama, akaitazama simu tena, kisha akajifunika kanga mpaka usoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko, hadi mlinzi akaja kuuliza kama tumefiwa.